Miji Aliyoitoa Salima

Jumanne, 13 Mei 2008

Asubuhi mahakamani, kutafsiri kesi ya kodi ya nyumba. Mwenye nyumba ameshindwa. Nilifurahi kuliko mkalimani anavyoruhusiwa. Mchana makala ya mwezi kwa gazeti letu la mtaa. Nimewashambulia wanaodai kwamba mama akizungumza Kiswahili na mwanawe anamchelewesha shuleni. Mhariri atapunguza makali. Nitayarudisha.

Jioni Hamisi akapiga simu. Mdogo wangu huyu hapigi simu siku ya kazi. Sauti ilikuwa ndogo. Shule imemwita yeye na mkewe Zuhura. Binti yao Salima amepimwa akili, na inapendekezwa Septemba aende shule maalumu, ya watoto wenye ulemavu mwepesi wa akili. Wazazi watie sahihi.

Salima! Ana miaka minane. Amelelewa na mama yetu mtaani Buyenzi, pale Bujumbura, tangu aanze kutembea. Hapa Brussels kaja mwaka juzi. Mtoto huyu alinisahihisha mimi jina la jirani yetu wa zamani.

"Dada, wale ni wataalamu," alisema Hamisi. "Donc tufanye nini?"

Nimemwambia asiguse kalamu mpaka nisome ripoti. Akanyamaza. Ukimya wake naujua. Ni wa mtu aliyekwisha kukubali.

Jumatano, 14 Mei

Anderlecht, kwa Hamisi. Lifti ya jengo lao mbovu tena. Nilifika juu nikihema, na hasira ikiwa imefika kabla yangu.

Ripoti ni fupi. "Majibu yasiyohusiana na swali. Baadaye, kukataa kujibu." Kisha namba. Namba moja ya kumaliza habari za mtoto mzima.

Zuhura alikuwa amelia. "Wifi, mimi nimezaa mutoto mujinga?" Nikajibu kwamba mjinga ni kipimo. Nilisema kwa kelele. Salima alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Vibaya sana.

Hamisi ananiudhi. Kazi yake ni kuwageuza wazee kitandani kwenye nyumba ya wazee kule Oudergem, na amejifunza kumheshimu kila aliyevaa koti jeupe. Anasema pengine huko atatulia, madarasa ni madogo, walimu ni wapole. Inawezekana. Wapo watoto ambao shule ile ni rehema kwao. Salima si mmoja wao. Na kuingia ni sahihi moja tu. Kutoka, miongoni mwa watoto wa jamaa zetu, sijamwona aliyetoka.

Mkutano ni Jumatatu ya tarehe 26.

Jumamosi, 17 Mei

Nimegombana na Papa Ilunga, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Saint-Josse. Mtu wa Likasi, Kongo, mstaafu, hapendi kushindwa. Tunafanana.

"Maman Zaina, mambo ya science haibishanwe," alisema. "Banapima na chronomètre, saa ya sekunde! Weye utapima na nini, na mudomo?"

Nikamuuliza kama yeye amewahi kupimwa.  Akasimulia kwamba baba yake alipoomba kazi mgodini, enzi za wakoloni, alipewa vipande vya mbao apange upesi mbele ya mzungu. Alipanga vizuri, akapelekwa kwenye mashine. Rafiki yake hakuelewa alichoambiwa, akapelekwa kwenye koleo. Wote wawili walikuwa mafundi seremala.

"Na rafiki alibaki kwenye koleo mpaka lini?"

"Mpaka kufa, maman."

Akatazama dirishani. Sikumshinda mimi. Kajishinda mwenyewe. Hesabu ni ileile.

Jumapili, 18 Mei

Nimesoma tangu alfajiri. Lazima nijue mnyama huyu kazaliwa wapi.

Kwanza, Mwingereza tajiri aliyeamini kwamba akili hurithiwa kama shamba. Aliweka meza kwenye maonyesho London, watu wakalipa ili wapimwe nguvu ya mkono, macho, masikio. Akili hakuipata. Alipata mikono na masikio.

Kisha Mfaransa wa Paris. Huyu nampenda, na si kawaida yangu kuwapenda marehemu. Naye alianza na kupima vichwa. Akagundua kwamba mkono wake mwenyewe unavuta kipimo kuelekea jibu analolitaka. Akakiri! Wangapi hukiri? Nyumbani alikuwa na mabinti wawili. Akawauliza maswali, akawatazama wakifikiri, akaona ndugu wa tumbo moja wanafikiri kwa njia mbili. Serikali ilipotaka njia ya kuwatambua wanafunzi wanaohitaji msaada, akatunga maswali mafupi, kutoka mepesi hadi magumu. Kwake ilikuwa kama kipimajoto. Unamjua mwenye homa ili umtibu. Humwiti Homa maisha yake yote. Waliosema akili ya mtu haiongezeki aliwakemea kwa maandishi, na akabuni mazoezi ya kuikuza.

Akafa mapema. Kipimo chake kikapanda meli. Ng'ambo ya bahari kikawekwa bandarini: watu wanashuka, wamechoka, lugha hawaijui, wengine kalamu hawajaishika tangu wazaliwe, wanaulizwa maswali, wanaitwa wapumbavu. Mjerumani naye akagawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, ikapatikana namba. Namba haina aibu. Unaweza kuitumia kumfungia mtu mlango na bado ukalala usingizi.

Na hapa hapa Brussels! Nilikuwa sijui. Yule Mfaransa akiwa bado hai, kipimo cha Paris kililetwa kwa watoto wa shule ya wenye nacho. Wakaonekana wako mbele ya umri wao. Yule wa Paris hakusema Wabelgiji wana akili nyingi. Alisema tazameni nyumba wanazotoka. Mwenye kipimo mwenyewe! Nilipiga meza. Papa Ilunga akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

Simwabudu. Katika maswali yake mtoto alionyeshwa nyuso mbili aseme ipi nzuri. Nzuri kwa nani, bwana mkubwa?

Lakini silaha ninayo. Jumatatu ya tarehe 26 nitamzika mtu kwa vitabu vyake mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Siwezi kuandika taratibu.

Shule nusu siku, Salima alikuwa kwangu. Tulikuwa tunakunja sambusa. Nilijizuia nisimuulize habari za kipimo. Ili acheke, nikamtegea kitendawili, kama mama anavyofanya kule nyumbani. Hakuitika. Akanitazama kwa mashaka.

"Shangazi, nikishindwa wewe utanitolea jibu?"

"Lazima. Ndiyo sheria."

"Yule madame hana sheria. Alikula miji yangu yote. Jibu hata moja hakunipa."

Nikaacha unga.

Yule mwanasaikolojia aliyempima alianza kwa upole, nadhani ili mtoto asiogope. Alimwambia leo hakuna masomo, tutacheza, nitakupa vitendawili kidogo. Salima akamwamini. Akacheza vitendawili kama alivyofundishwa. Alichokijua, akakijibu. Alipokwama, hakusema hajui, maana kwetu mtoto aliyelelewa hasemi hivyo. Alitoa mji. Mtegaji huupokea mji, hujigamba jinsi alivyokwenda huko akala na kulala, kisha hulipa kwa kutoa jibu. Kila mtoto wa Buyenzi anajua.

Basi Salima akatoa Bruges. Akasubiri jibu. Halikuja. Akatoa Gand. Akatoa Ostende, alikopelekwa na shule kuona bahari na alikokupenda. Akatoa Gitega, akatoa Ngozi. Madame anaandika tu. Akabakiwa na mji mmoja.

"Bujumbura sikumpa," alisema. "Bibi yuko mule. Ataliwa bure?"

Ndipo akafunga mdomo. Maswali yote yaliyobaki. "Kukataa kujibu."

Mtoto alikuwa anamlinda mama yangu!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Salima akadhani namcheka yeye, akanuna. Nikamkumbatia kwa mikono ya unga. Kisha nikamtolea jibu la kitendawili changu, haraka, kabla hajanishtaki na mimi.

Mjinga? Mtoto huyu alikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyefuata sheria za mchezo.

Alhamisi, 22 Mei

Nimempigia Hamisi. Nilitarajia furaha. Nikapata ukuta.

"Dada, niende mbele ya wazungu niseme mutoto aliwapa miji? Watatucheka. Wataandika kwamba na baba yake pia apimwe."

Anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa ile shule. Nimemwambia hivyo. Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu.

Ijumaa, 23 Mei

Hajapiga. Mimi pia sijapiga. Zuhura kanong'ona kwenye simu kwamba Hamisi halali, na kwamba ameanza kusema "ile shule" kama mtu aliyekwisha kuizoea. Naogopa. Naliandika mara moja tu: naogopa.

Jumatatu, 26 Mei

Ushindi, lakini si ule niliouandaa.

Madame Goossens, yule mwanasaikolojia, si adui niliyemtaka. Nilitaka mtu mwenye kiburi na ndevu. Ni mwanamke kijana, meza safi, anatazama anayezungumza. Nikaanza na Paris, nikapita London, nikafika bandarini. Akaningoja nimalize. Akasema kwamba hayo yote aliyasoma chuoni, na kwamba yeye si mtu wa bandarini. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Pointi moja kwake.

Akaendelea kwamba maelezo ni yaleyale kwa kila mtoto, kwa hiyo jibu ni jibu. Hapo nikaeleza miji. Akafungua maandishi yake. Yote yalikuwemo. Bruges, Gand, Ostende, kila mmoja na alama ya kuuliza kando. Majina mawili ya Burundi aliyaandika vibaya, alidhani ni maneno yasiyo na maana. Lakini hakuamini. Niliona usoni: shangazi mwenye maneno mengi kabuni hadithi nzuri.

Nikaacha vitabu. Nikamtegea kitendawili, kwa Kifaransa. Kile cha kitoto kabisa: nyumba yangu haina mlango.

"Gereza?" Hapana. "Kaburi?" Hapana. Akaanza kuona haya, nikaona vizuri jinsi mtu mzima mwenye shahada anavyofanana na mtoto wa miaka minane. Nipe mji, nikamwambia. Mji gani? Wowote, lakini uwe unaupenda. Akasita.

"Namur."

Nikajiweka sawa kitini kama malkia. Nimekwenda Namur, nikasema, wamenipokea kwa ngoma, nimelala kitanda cha meya, nimekula kuku mzima peke yangu, meya kabaki na mifupa, nimerudi. Jibu ni yai.

Zuhura akaangua kicheko. Sijamsikia akicheka tangu mwanzo wa mwezi. Madame hakucheka. Aliuliza swali zuri: na kama nisingempa jibu? Nikamwambia basi Namur yake ingekuwa imekwenda bure, na mara ya pili asingenipa hata kituo cha basi.

Akairudia karatasi yake, mstari kwa mstari. 

Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akasema kwamba anaelewa, ila utaratibu umekwisha kuanza, nafasi kwenye shule maalumu ni chache, na njia nyepesi ni wazazi watie sahihi sasa, halafu mwaka ujao mambo yaangaliwe upya. Akasogeza kalamu kwa Hamisi.

Nilivuta pumzi ya kunguruma. Zuhura akanikanyaga mguu. Kwa kisigino.

Hamisi aliitazama ile kalamu. Akairudisha upande wa pili wa meza, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Non, madame. Mumepima kitu kingine. Mutoto wangu bado hajapimwa."

Basi. Maneno machache. Bora kuliko makala zangu zote tangu nije nchi hii. Mdogo wangu! Aliyekuwa akijificha mgongoni mwangu mbwa akipita!

Madame Goossens akasema d'accord, sawa. Mwenzake atampima upya, kwa mazoezi mengine ambayo Salima hajayaona. Yeye mwenyewe ataeleza kwa maandishi kwa nini.

Tuliposhuka ngazi Hamisi aliupita mlango wa kutokea bila kuuona. Mimi pia. Zuhura peke yake ndiye aliyetembea kama mtu.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kipimo. Nilikatazwa kuingia. Haki yao. Nimekaa ukumbini na Zuhura. Yeye na tasbihi, mimi na kucha zangu.

Kabla ya hapo tulimweleza Salima kwamba leo si vitendawili. Hakuna miji. Usichokijua, sema hujui.

"Na adabu?"

"Kwao hiyo ndiyo adabu."

Alifikiri. Akasema ni watu wa ajabu, lakini sawa.

Alitoka akiruka kwa mguu mmoja. "Huyu anajua kuuliza. Nikisema sijui, anasema bon, tunaendelea."

Siwezi kusubiri. Sijawahi kuweza. Nimeanza makala tatu, zote mbaya. Kama kipimo hiki nacho kitasema vilevile, nitasema nini? Kwamba kimekosea tena? Ninayo hoja. Hamisi hana mwingine wa kumwamini zaidi yangu, na hilo ni zito kuliko hoja.

Ijumaa, 13 Juni

TUMESHINDA.

Salima haendi shule maalumu. Anabaki shuleni kwake, Septemba anaingia darasa la tatu pamoja na wenzake, na atapata masomo ya ziada ya Kifaransa. Ripoti ya kwanza imeondolewa, sababu imeandikwa wazi: mtoto alielewa kwamba anacheza mchezo mwingine, na aliucheza sawasawa. Sawasawa! Limeandikwa kwa Kifaransa, kwa mashine, na sahihi chini.

Madame Goossens alitusomea mwenyewe, hakumtuma mwenzake. Akasema hatawaambia tena watoto kwamba ni vitendawili. Nikampa mkono. Angeweza kujificha nyuma ya utaratibu, wengi wangejificha. Yule wa Paris angemwelewa.

Sasa neno la aibu, na liwe hapa tu. Kuna namba mpya. Nimezitukana namba za aina hii kwenye mikutano, kwenye magazeti, kwenye harusi za watu. Hamisi aliponionyesha, niliibusu. Karatasi ina rangi yangu ya mdomo. Sitaiandika hapa, maana sikubaliani nayo kwa misingi.

Ni namba nzuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Pilau Anderlecht. Jengo zima lilinusa. Nilipanda juu ya kiti nikahutubia, kutoka London mpaka Namur. Watoto waliniomba nirudie sehemu ya meya na mifupa. Wamama wawili walinivuta pembeni: nao wameitwa shuleni. Nimewapa siku za kuja kwangu. Nitaenda na kila mmoja. Kama mtoto anaihitaji ile shule, nitasema anaihitaji. Kama haihitaji, Mungu awasaidie watakaokuwa upande wa pili wa meza.

Hamisi alikuwa anapakua nyama, akimsimulia kila mgeni jinsi alivyoirudisha kalamu. Kila akisimulia, meza inazidi kuwa kubwa na Madame anazidi kuwa mrefu. Na aongeze. Ni yake.

Papa Ilunga alikula sahani mbili, akajifuta midomo.

"Bon, Maman Zaina, umegagner, umeshinda. Sasa utagombana na nani?"

"Na wewe."

"Ah, mimi nilikuwa upande yako tangu mwanzo!"

Muongo mkubwa. Nimemwongezea pilau.

Jumatatu, 1 Septemba

Ramadhani mosi. Manyunyu. Nilikwenda Anderlecht baada ya alfajiri.

Hamisi alikuwa amekwisha kwenda kazini. Tulimpeleka Salima, mimi na Zuhura, kila mmoja mkono wake, mpaka alipotuomba tumwachie kwa kuwa wenzake wanaona. Tukamwachia.

Uwanjani walipanga mistari. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na mwavuli mwekundu. Waliingia ndani, geti likafungwa. Wazazi wengine waliondoka.

Darasa lao liko chini, linatazama barabara. Tulisimama upande wa pili, chini ya kibaraza cha duka ambalo halijafunguliwa. Zuhura alinishika mkono.  Mimi sikuwa na hoja yoyote, na hilo halikunisumbua.

Taa za darasa ziliwashwa. Mwalimu aliandika ubaoni, akageuka, akauliza. Mkono mmoja ulikwenda juu, kisha mingine. Ule wa kwanza ulikuwa wa Salima.

Hatukungoja kuona kama jibu lilikuwa sahihi.